Mnyoo Mmoja, Samaki Wengi

Uharibifu huanzia kichwani. Mnyoo wa plastiki uliotoka kwenye pakiti ukiwa mzima na laini unaweza kuharibika kabla samaki hajaugusa, kwa sababu tu ndoana ilichomwa pembeni badala ya katikati. Ukirushwa mara chache, tundu hupanuka, kichwa huteleza kwenye shina la ndoana, mwili hujikunja, na chambo kilichotakiwa kupita majini kwa utulivu huanza kuzunguka kama pia. Besi haukimbilii mnyoo wa namna hiyo. Mvuvi huuchomoa, huutupa na kutwaa mwingine.

Katika Ziwa Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, tabia hiyo ina gharama. Minyoo hii huagizwa kutoka ng'ambo, na pakiti ikiisha asubuhi hakuna mahali pa kuichimba kando ya shamba. Ndiyo maana ufundi wa kuufunga mnyoo ili udumu unastahili kujifunzwa kwa makini. Msingi wake unamfaa hata mvuvi wa Kashebere, kule Kivu Kaskazini ambako Masisi inakutana na Walikale, ambaye chambo chake ni nyungunyungu na samaki anayemtafuta ni kambale.

Mgeni wa mwaka 1929

Besi mwenye mdomo mpana asili yake ni Amerika Kaskazini. Aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Ziwa hilo, lililo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, mdogo asiyefikia urefu wa kidole, ambaye hajaonekana tena tangu miaka ya 1960. Uvuvi wa nyavu wa kibiashara ulianza mwaka 1959. Mwaka 1970 wakaingizwa kamba wekundu kutoka Louisiana, na besi wakawageuza kuwa chakula chao kikubwa. Samaki wa kapi walionekana ziwani mwaka 2001, na miaka michache baadaye wakatawala mavuno ya nyavu. Besi bado yumo, ingawa si mfalme tena.

Huwinda kwa kuvizia. Hujibanza kwenye mafunjo, chini ya magugu maji na katikati ya migunga iliyozama maji yalipopanda mwaka 2020. Mahali kama hapo ndoana iliyo wazi hunasa kwenye majani kila ikivutwa, na hapo ndipo mnyoo wa plastiki unapoonyesha thamani yake: ncha ya ndoana hufichwa ndani ya mwili, na chambo hupenya mahali ambapo chambo kingine kingekwama.

Wengi hudhani meno ya besi ndiyo yanayouchana mnyoo. Sivyo. Samaki huyu hufungua mdomo ghafla na kuvuta maji pamoja na windo ndani yake. Meno yake ni madogo mno, ya kushikilia na si ya kukata. Plastiki huchanika baadaye, samaki anaporuka na kutikisa kichwa huku mnyoo ukivutwa dhidi ya chuma kilicho ndani yake. Anayeelewa hilo huacha kumlaumu samaki na kuanza kuitazama ndoana.

Ulaini una bei

Mnyoo wa plastiki ulitoka Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Mwaka 1949 Nick Creme na mkewe Cosma walichanganya vinili, mafuta na rangi, wakamimina mchanganyiko huo kwenye kalibu. Kampuni yao baadaye ilihamia Tyler, Texas, na jimbo hilo ndilo lililotoa jina la mtindo wa kufunga mnyoo unaotumiwa kuliko mingine yote: mtindo wa Texas.

Malighafi yake ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu. Mafuta yakizidi, mnyoo hutikisika vizuri majini na huchanika upesi. Yakipungua, hudumu lakini hukakamaa. Chumvi nayo huongezwa ili mnyoo uwe mzito na uzame wenyewe bila chubwi. Senko, mnyoo wa Gary Yamamoto uliopata umaarufu tangu miaka ya 1990, hupendwa kwa sababu hiyo, lakini chembe za chumvi hukata mshikamano wa plastiki, na mnyoo wa aina hiyo huisha haraka usipolindwa. Siku hizi ipo pia minyoo ya elastoma inayovutika sana na kuchanika kwa shida. Nayo ina sharti lake: ikiwekwa mfuko mmoja na minyoo ya PVC, huyeyushana na kuwa uji unaonata.

Mzigo ubebwe na kitu kingine

Mbinu zote za kurefusha maisha ya mnyoo zinatokana na kanuni moja: plastiki laini isibebe mzigo. Mzigo wa kurushwa, wa kukokotwa kwenye magugu na wa samaki anayepigana uhamishiwe kwenye chuma, nailoni au mpira.

Katika mtindo wa Texas, mshipi hupitishwa kwanza kwenye chubwi dogo lililochongoka mbele, kisha hufungwa kwenye ndoana yenye kona karibu na kitundu chake. Ncha huingizwa katikati kabisa ya kichwa cha mnyoo, kina cha nusu sentimita hivi, halafu hutokezwa ubavuni. Mnyoo husukumwa juu hadi kichwa kiifunike kona pamoja na kitundu. Ndoana hugeuzwa ielekee mwili, mnyoo hulazwa kando yake ili kupima mahali ncha itakapoingia, na ncha huchomwa papo hapo. Mnyoo ukinyooka, kazi imekamilika. Ukiwa na kibiongo au umevutwa kupita kiasi, utolewe na kuchomwa upya kabla haujagusa maji, kwa kuwa utazunguka na kujipanua tundu wenyewe.

Kwa mnyoo wa sentimita 15 hadi 18, ndoana namba 3/0 hutosha. Ndoana nene kuliko inavyohitajika hupasua kichwa siku ya kwanza, na ndoana butu hulazimisha kusukumwa kwa nguvu. Jiwe dogo la kunolea linaweza kuokoa minyoo mingi.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote hutokana na kipande cha mshipi mnene wa nailoni. Kichwa kikishakaa mahali pake, kipande hicho huchomwa kutoka upande mmoja, hupita ndani ya kitundu cha ndoana, hutokea upande wa pili, kisha hukatwa sawasawa na ngozi ya mnyoo. Tangu hapo kichwa hakitelezi tena, kwa sababu nailoni imekifungia kwenye chuma. Wengine hutia tone moja la supaglu kwenye kona ya ndoana kabla ya kukivuta kichwa juu yake. Gundi hiyo hushika barabara, ila haitoi nafasi ya kusahihisha; mnyoo uliokaa upande utabaki upande. Zipo pia ndoana zenye springi ndogo, ambazo kichwa cha mnyoo hukazwa kwa kuzungushwa.

Mtindo wa kuchoma mnyoo katikati, ncha zote mbili zikibaki huru kutikisika, huwavutia besi sana na huharibu minyoo sana. Uzito wote huning'inia kwenye tundu moja jembamba, na samaki mmoja mzuri hutosha kuukata mnyoo vipande viwili. Dawa yake ni oringi, ile pete ya mpira inayofahamika kwa mafundi wa mabomba. Oringi huvalishwa katikati ya mwili, na ndoana hupita chini yake bila kutoboa plastiki. Anayetaka ulinzi zaidi hutanguliza kipande cha mrija unaosinyaa kwa joto, ule ambao mafundi umeme huutumia kufunika maungio ya nyaya, kisha huvalisha oringi juu yake.

Mkono wa mvuvi nao una sehemu yake. Kurusha kwa kucharaza huupasua mnyoo kichwani hata kama umefungwa vyema. Mrusho wa kuviringisha mkono taratibu huufikisha mbali bila kuujeruhi. Samaki akishanaswa na kufika mtumbwini, mnyoo husukumwa juu kwenye mshipi kabla ndoana haijachomolewa. Wavuvi wenye haraka huvuta vyote kwa pamoja, na mnyoo ulionusurika kwenye pambano hufia mkononi.

Kichwa kikichakaa, hukatwa nusu sentimita na mnyoo kuchomwa upya. Besi hajali upungufu huo. Mkia uliochanika hurudishwa kwa kisu kilichopashwa moto: kingo mbili hugusishwa kwenye bapa lake, huyeyuka kidogo, hubanwa pamoja na kuachwa zipoe. Minyoo hulazwa imenyooka kwenye pakiti yake ya awali, kivulini, kila rangi peke yake, kwa sababu jua huikunja na rangi nyeusi huipaka nyeupe.

Kwenye vijito vya Kashebere

Miteremko ya magharibi ya milima ya Masisi hupeleka maji yake kwenye mto Lowa, unaopita Walikale na kumwaga maji yake katika mto Lualaba. Si maji ya besi, na yasije yakawa. Katika Ziwa Atitlán nchini Guatemala, besi waliopandwa mwishoni mwa miaka ya 1950 walimaliza samaki wadogo na kaa, na ndege wa majini aliyekuwa akiishi ziwani humo tu alipungua hadi akatoweka kabisa. Japani ilipiga marufuku kumsafirisha au kumfuga besi akiwa hai kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005.

Kinachoweza kusafiri salama kutoka Naivasha hadi Kashebere ni ile kanuni ya mzigo. Kambale hutafuta chakula kwa sharubu na kwa harufu, mara nyingi gizani au kwenye maji ya matope, kwa hiyo plastiki isiyo na harufu si chambo chake. Nyungunyungu anamtosha. Lakini nyungunyungu aliyetundikwa kwa tundu moja huchanika upesi kuliko plastiki yoyote, na mkondo wa maji humwondoa kwenye ndoana kabla kambale hajamfikia.

Basi na atungwe kwa urefu, kichwa kwanza, hadi shina lote la ndoana liwe ndani yake na mkia tu ubaki ukining'inia. Kisha azungushiwe uzi mwembamba wa pamba wa kushonea, mizunguko michache isiyokazwa sana, kutoka kwenye kitundu hadi kwenye pindo la ndoana na kurudi. Uzi ndio utakaobeba nguvu ya mkondo na midonoo ya samaki wadogo, na harufu itaendelea kutoka katikati ya mizunguko. Ini la kuku, ambalo kambale hulipenda na ambalo halishiki kwenye ndoana hata kidogo, hufungwa vivyo hivyo. Wavuvi wa mikunga wa Ulaya walikwenda mbali zaidi: waliwatunga minyoo wengi kwenye uzi wa sufu, wakaukunja uwe bonge, wakauteremsha mtoni bila ndoana yoyote. Meno madogo ya mkunga yalinasa kwenye sufu, naye akainuliwa.

Uzi wa pamba una faida nyingine: huoza. Na barabara zinazoelekea Goma zinapofungwa na vita, jambo ambalo watu wa Masisi na Walikale wamelivumilia mara nyingi mno, ndoana iliyokatika na nailoni iliyopotea si vitu vya kununua kesho. Kila mbinu inayopunguza kurusha bure hulinda vifaa hivyo pamoja na chakula cha jioni.

Mnyoo unaobaki majini

Kudumu kwa mnyoo ni suala la ziwa pia. Mwaka 2014 watafiti nchini Kanada walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika Ziwa Charleston, Ontario, wakakadiria kwamba minyoo na vyambo laini vya plastiki vipatavyo 80 vinaweza kuachwa kwa mwaka katika kila kilomita moja ya ufuo. Walipoviloweka kwa muda mrefu, vilivimba badala ya kuoza. Katika jimbo la Maine, Marekani, majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba samaki wa trauti humeza vyambo hivi kwa hiari vikiwa majini bila ndoana, kisha hupungua uzito. Katika Ziwa Kawaguchi, Japani, minyoo ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 2007.

Wakazi wa Kivu hawahitaji kwenda Japani kuona plastiki inavyofanya kazi yake majini. Huko Bukavu, taka zinazosombwa kutoka Ziwa Kivu hukusanyika kwenye bwawa la Ruzizi, huziba mitambo, na umeme hupungua. Chambo cha mvuvi mmoja ni kidogo mbele ya rundo lile, lakini ni plastiki ileile, na ni miongoni mwa taka ambazo mwenye kuzitupa anaweza kuzizuia kwa mkono wake mwenyewe.

Vichwa vilivyokatwa na mikia iliyong'oka viwekwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, maana mafuta ya PVC hulainisha na kutoboa baadhi ya vyombo vya plastiki. Vikikusanyika vya kutosha, vinaweza kuyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 175 na kumiminwa upya kwenye kalibu. Kazi hiyo hufanyika nje, kwenye chombo kisichopikiwa chakula tena, kwa moto mdogo, bila kuiacha plastiki iungue, kwa kuwa PVC inayoungua hutoa gesi kali ya kloridi ya haidrojeni inayochoma mapafu. Asiye na vifaa vya kuifanya salama aifunge chupa yake na kuirudisha nchi kavu, hadi penye pipa la taka.