Presha isiyolala

Mgonjwa wa presha anayemeza dawa aina tatu bila presha kushuka huulizwa mengi kliniki: chumvi, pombe, na kama kweli anazimeza hizo dawa. Anavyolala huulizwa mara chache, na hata akiulizwa, mwenye jibu ni yule anayelala naye. Anayekoroma sisi humwona amelala usingizi wa pono. Mara nyingi hajaupata.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Wengi hukoroma na kuamka wazima. Ila wapo ambao mkoromo unapanda, unapanda, kisha kimya ghafla. Kifua na tumbo vinahangaika lakini hewa haipiti, kwa sababu misuli ya koo imelegea na ulimi umerudi nyuma. Kadiri anavyovuta ndivyo njia inavyozidi kujifunga, kama mrija laini wa juisi unaofyonzwa kwa pupa. Zinapita sekunde 10, 20, hata 40. Halafu anagutuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anajigeuza na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kinywa kimekauka, kichwa kinauma, na mchana anasinzia kwenye kikao au, mbaya zaidi, kwenye usukani.

Hiyo ndiyo apnia ya usingizi. Wataalamu huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi imekatika au imepungua sana. Kuanzia mara 5 ni ugonjwa, kuanzia 30 ni ugonjwa mkali. Mwenye 30 akilala saa saba amekabwa mara 210.

Kila anapokabwa oksijeni hushuka, neva za tahadhari huamka, adrenalini humwagika na mishipa ya damu hubana. Pumzi ikirudi, moyo unasukuma damu kwa nguvu ndani ya mishipa iliyokwisha kubana, na presha inaruka. Mtu mzima wa afya, presha yake ya usiku hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ikilinganishwa na ya mchana. Huyu hapati mapumziko hayo. Tena zile neva hazitulii kunapokucha. Ndiyo maana presha yake iko juu hata akiwa macho, amekaa kitako.

Kinachoumia zaidi ni utando wa ndani wa mshipa, wenye unene wa seli moja tu. Utando huu hutoa gesi ya nitriki oksidi, inayouambia mshipa utanuke. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Oksijeni inaposhuka na kupanda usiku kucha, mwili huzalisha kemikali kali zinazoiteketeza gesi hiyo kabla haijafanya kazi. Athari zake hupimika: mkono hubanwa kwa mkanda wa presha kwa dakika tano, ukiachiwa, ultrasaundi hutazama ateri imetanuka kiasi gani. Ya mgonjwa wa apnia kwa kawaida hutanuka kidogo kuliko inavyotakiwa.

Tiba kuu ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia: mashine inayopuliza hewa puani kwa shinikizo dogo lisilokatika, ili koo lisijifunge. Inaitwa CPAP. Wagonjwa wanaoivaa ipasavyo huacha kusinzia mchana, na tafiti kadhaa zimeona ateri zao zikianza kutanuka vizuri zaidi. Presha nayo hushuka, lakini kwa wastani ni milimita 2 au 3 tu za zebaki, ingawa wenye presha sugu hufaidika zaidi. Kwa hiyo anayepewa mashine asitupe vidonge.

Je, inazuia kiharusi? Utafiti wa SAVE, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu zaidi ya 2,600 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, na haukuona kiharusi wala mshtuko wa moyo ukipungua kwa waliopewa mashine. Wapo waliohitimisha kuwa mashine haina maana. Mimi nasita, kwa sababu washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku, na wanaosinzia kupindukia mchana hawakuingizwa. Barakoa ikivuliwa saa nane za usiku, koo linarudi kujifunga mpaka alfajiri.

Kwetu kuna kikwazo kingine, umeme. Ukikatika, na mashine imezimika, isipokuwa una betri. Kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe jioni na kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele huwasaidia baadhi ya watu. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa wanene wenye apnia ya wastani au kali.

Wembamba nao huugua, vilevile wanawake waliokoma hedhi, ambao mara nyingi huambiwa ni uchovu tu. Anayemshuku mwenzi wake amrekodi kwa simu dakika chache, pale mkoromo unapokatika, na wote wawili waende nayo kwa daktari.