Miaka 100 wakitafuta kiota kimoja

Hebu niambie ukweli. Mara ya mwisho ulisubiri kitu saa nzima bila kugusa simu ilikuwa lini? Foleni ya benki haihesabiki, huko sote tunaskroli.

Mimi nilijaribu Jumatano moja, na sikuenda kwa sababu ya kupenda maumbile. Nilikuwa nimeacha chuo, sina darasa, sina kazi, na mama alikuwa amechoka kuniona kwa kochi. Beshte yangu akaniambia kuna watu wa Nature Kenya hukutana pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kila Jumatano asubuhi kwenda kutazama ndege. Nikacheka. Kumbe matembezi hayo yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, kabla hata wazazi wangu hawajajuana.

Basi tukasimama mbele ya kichaka. Si mlima, si ziwa, ni kichaka tu. Mama mmoja wa umri wa shosho wangu akanipa darubini yake. Nilipoanza kusogea mbele akanishika mkono. "Kijana wangu, usimfuate. Akizoea kwamba uko hapa, atatoka mwenyewe."

Dakika arobaini, manze. Mguu ukafa ganzi. Kisha kikatokea kindege chenye kifua cha rangi ya chungwa, kikakaa sekunde nne hivi, kikapotea. Watu wakashangilia kwa kunong'ona. Na huyo si ndege adimu hata kidogo, yuko kwenye bustani nyingi za Nairobi! Nikajiuliza, wanaotafuta ndege adimu wenyewe huwa wanaishi vipi?

Tukirudi, mzee mmoja akanipa stori ya mnana wa Kilifi. Minana unaijua, ni wale ndege wanaosuka viota vinavyoning'inia. Huyu dume lake lina kichwa cheusi na tumbo la manjano, na vitabuni anaitwa Clarke's Weaver. Wanasayansi walimwandika mara ya kwanza mwaka 1913. Dunia nzima, anaishi kaunti moja tu: Kilifi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na ule wa Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki.

Sasa sikia hii. Tangu 1913 hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Kuna miezi alikuwa anapotea kabisa Arabuko-Sokoke, harafu anarudi. Kwa kuwa huonekana akiruka na kundi lake juu kabisa kwenye mirihi, watafutaji waliinua shingo kutazama huko huko juu. Watu walizeeka na swali hilo.

Kiota kilipatikana mwaka 2013. Yaani miaka 100. Na hakikuwa juu ya mti! Kilikuwa chini, kwenye majani marefu yaliyoota ndani ya maji, katika kinamasi cha Dakatcha ambacho hujaa mvua ikinyesha na kukauka baadaye. Fleur alikuwa miongoni mwa waliomtafuta, pamoja na wenyeji wa kikundi cha kuhifadhi msitu wa Dakatcha. Hao wenyeji ndio walinigusa. Mtaalamu anakuja wiki mbili na tikiti ya kurudi. Mwenyeji yupo mvua ikinyesha, yupo jua likiwaka, anapita hapo akienda shambani. Kusubiri kwake hakuna hata anayekuita kusubiri.

Nisikudanganye kwamba stori imeisha vizuri. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, lakini Dakatcha haina ulinzi kama huo. Miti inakatwa kwa makaa, na sehemu nyingine zimefyekwa kupanda mananasi. Siwezi kumlaumu mtu anayechoma gunia la makaa ili mtoto arudi shule; mimi mwenyewe najua kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo kunavyouma. Ila pia mimi na wewe ndio wateja. Makaa yanachomwa kijijini, yanaliwa mjini.

Kinachonitia wasiwasi ni hesabu. Ilichukua miaka 100 kujua anakolala kifaranga wa ndege huyu, na kufyeka msitu hakuhitaji hata msimu mmoja.

Sijamwona bado. Nimenunua darubini ya mtumba, jicho moja lina ukungu, na ninaweka akiba ya nauli ya Malindi. Mzee aliniambia naweza kufika mvua ikawa imegoma, kinamasi kikawa kikavu, nikarudi Nairobi bila kuona hata manyoya. Nikamuuliza yeye ameenda mara ngapi. Akacheka tu, akasema nibebe gambuti.

Wakati huo bado, Jumatano niko Makumbusho. Ukija, acha ile jaketi yako nyekundu nyumbani, na viatu vyeupe usivilie baadaye.