Je, Wajua? Ndovu wa Mlima Elgon Huchimba Chumvi Gizani

Usiku, ndovu huingia Pango la Kitum, magharibi mwa Kitale. Hupapasa njia kwa mkonga, kisha huukwangua mwamba kwa pembe na kutafuna vipande vyenye chumvi. Pango lina kina cha takriban mita 200. Chama cha utamaduni kikipanga ziara huko, kina mengine ya kuona:

• Mapango mengine ya Elgon yalikuwa makazi. Mvumbuzi Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, alikuta watu wakiishi humo na mifugo yao.

• Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa mtu mmoja, Hugh Stoneham, mpenzi wa wadudu na vitabu. Alianzisha makumbusho yake mwaka 1926. Leo uani mna nyumba za jadi.

• Chetambe, karibu na Webuye, Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895 wakiwa ndani ya ngome yenye handaki.

• Wabukusu wa Bungoma hutahiri wavulana mwaka wa shufwa tu, hasa Agosti. Majina ya marika ya waliotahiriwa ni manane. Jina hurudi baada ya takriban karne moja.

Mkienda Kitum, bebeni tochi na mwandamane na askari wa wanyamapori. Ndovu hawabishi hodi.