Mshipi Ufaao Ufito wa Suichi

Samaki aina ya trauti waliingizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905. Bwana Ewart Grogan ndiye aliyeleta mayai yao kutoka Loch Leven, Scotland. Mto ule una vichaka kingoni, na mwenye kuvua kwa chambo cha manyoya hunasa matawi kila arushapo. Hapo ndipo ufaapo ufito uitwao suichi. Urefu wake ni kama futi 11, nao hurushwa kwa mkono mmoja au kwa miwili. Mshipi hauendi mbali nyuma. Hufanya tumbo kando ya mvuvi, kisha huruka mbele.

Nilipopata wangu, namba 7, nilinunua mshipi namba 7, maana namba zililingana. Asubuhi nzima mshipi uliniangukia miguuni kama kamba ya ng'ombe! Mwenye duka alikuwa amepokea fedha zangu bila kuniuliza nina ufito gani.

Kosa lilikuwa la uzito. Mishipi hupimwa kwa greni; greni 15 na kitu ni gramu moja. Mshipi namba 7 wa mkono mmoja una greni 185 katika futi 30 za mbele. Suichi namba 7 yaweza kutaka greni 450, kwa kuwa ile sehemu nzito ya mbele, iitwayo kichwa, ni fupi, na uzito wake ndio upindao ufito. Basi uliza greni kwanza, kabla ya kutoa fedha; watengenezaji huziandika kwenye ufito au katika orodha yao.

Vichwa ni vya namna mbili hasa. Skagit, kilichopewa jina la mto wa jimbo la Washington, Marekani, ni kifupi na kinene. Hubeba chambo kizito na ncha izamayo. Skandi ni kirefu zaidi, chembamba mbele, nacho hutua polepole. Kwa maji yetu ya mlimani mimi napendelea Skandi.

Rili nayo iwe kubwa kuliko ile ya ufito wa mkono mmoja wa namba hiyo hiyo, kwa sababu kichwa kinene hujaza nafasi ya uzi wa akiba, na ufito mrefu wahitaji uzito penye mpini. Breki ya ghali si lazima kwa trauti wetu. Na kama kijito chako chavukwa kwa hatua mbili, suichi ibaki nyumbani. Ufito wa futi 8 watosha.