Kula si kushiba: neno na uzito wake Taita Taveta

MGENI anapoandaliwa chakula mjini Voi au katika vijiji vya Wundanyi na Mwatate, mwenyeji humhimiza aongeze. Jibu la adabu ni "Nimeshiba, ahsante." Hasemi "ninashiba", kwa kuwa kitenzi hiki, sawa na kuchoka na kusimama, huchukua kiambishi -me- kuonyesha hali ambayo mtu ameifikia na bado yumo ndani yake.

Maneno yanayokaribiana nalo yanahitaji tahadhari. Anayesema "nimekinai" huenda akaeleweka kuwa ameridhika, au kuwa chakula kimemchosha. Maana hiyo ya pili haitamfurahisha aliyepika kimanga, yaani muhogo, viazi vitamu au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe. "Nimevimbiwa" nalo ni lalamiko la tumbo, halifai mezani.

Neno limetoka pia nje ya sahani. Marafiki wa kushibana ni wale waliozoeana mno. Kijana aliyeshiba ana mwili uliojengeka. Na mkulima husema ardhi imeshiba maji. Kauli hiyo ya mwisho husikika kwa nadra katika nyanda kame zinazouzunguka mji wa Voi.

Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948 kama hifadhi moja, huchukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti. Wakulima hubanwa kati ya mvua haba na wanyama. Ndovu mzima huweza kula kilo 150 za majani kwa siku. Akiingia shambani usiku, yeye hushiba, mwenye shamba akabaki na mabua. Katika ukame wa kati ya 2020 na 2023, Taita Taveta ilikuwa miongoni mwa kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame zilizoathiriwa.

Hapo ndipo tofauti ya kula na kushiba huonekana. Mtoto aliyekunywa kikombe cha uji mwepesi amekula, lakini hajashiba. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Maneno hayo yamekaribia kushiba kuliko kula.

Ukanushaji nao una siri yake. "Hajashiba" huacha nafasi: chakula kikiongezwa, atashiba. "Hakushiba" huufunga mlo uliopita. Lakini "hashibi" ni tuhuma ya ulafi. Kwa hiyo kiongozi anayesimama mbele ya foleni ya unga wa msaada na kusema "watu hawa hawashibi", ilhali ukweli ni kuwa hawajashiba, amewahamishia wenye njaa lawama ya njaa yao. Wahenga walikwisha kumtaja: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.