Masika Katika Mstari Mmoja

Kuanzia Magogoni, penye kivuko cha kwenda Kigamboni, hadi Kariakoo, kila mtu ajua kuwa masika huleta mvua nyingi. Takwimu huuliza: nyingi kwa kiasi gani?

Wastani wa mvua ya Dar es Salaam kwa miaka ya 1971 hadi 2000, kwa milimita, kuanzia Januari, ulikuwa hivi: 76, 55, 138, 254, 188, 43, 26, 24, 23, 69, 126 na 118. Sasa kila mwezi uulizwe swali moja: Je, ni mwezi wa masika? Machi, Aprili na Mei hujibu ndiyo, nayo hupewa namba 1. Miezi tisa iliyobaki hupewa 0.

Katika grafu, nukta zote zitasimama juu ya 0 au juu ya 1. Mstari wa rigresheni ni ule ambao jumla ya vipeo vya pili vya tofauti kati yake na nukta ni ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Hapa hupita katika wastani wa kila kundi:

mvua = 62 + 131 × masika

Namba 62 ni wastani wa miezi isiyo ya masika. Namba 131 si mvua ya masika, bali ni tofauti kati ya wastani wa makundi mawili. Mwezi wa masika hupata 62 + 131, yaani milimita 193. Mwanafunzi akiipa masika 0 na miezi mingine 1, atapata 193 − 131: alama imegeuka, mvua ni ile ile.

Hata hivyo, neno "hapana" laweza kuficha hatari. Mnamo Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na bonde la Msimbazi, jirani na Kariakoo, lilizama. Katika mlinganyo huu Desemba ni "hapana", na makadirio yake ni milimita 62, ingawa wastani wake halisi ni 118. Kosa si la hesabu, ni la swali.

Wanafunzi na watenge miezi ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Wataona kuwa wastani wake ni milimita 104, na miezi sita iliyobaki ni 41 tu. Mitaro ya jiji yahitaji kuzibuliwa mara mbili kwa mwaka.