Nyundo ya theluji kwenye vilima vya Bagira

Anayenunua parseli Bagira, mjini Bukavu, tuseme upande wa Kasha au Nyakavogo, huulizia karatasi, maji na barabara. Ni wachache wanaouliza chini ya ule udongo mwekundu kuna nini. Kulijibu swali hilo hakuhitaji mtambo mkubwa: inatosha fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, na nyundo inayoinuliwa na kuachiwa ianguke. Kifaa hicho huitwa penetromita.

Kina ndugu yake kwenye baridi kali. Katika miaka ya 1930 Robert Haefeli, mhandisi Mswisi aliyebobea katika udongo, alianza kupima theluji ya milima ya Davos kwa fimbo yenye koni ya kipenyo cha sm 4 na nyundo ya kilo 1. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja dhaifu lililofunikwa linatosha kuiporomosha theluji ya mteremko mzima. Ndiyo maana wapimaji hawajali sana wastani wa ugumu. Macho yao hutafuta pale fimbo inapozama ghafla. Tabaka jembamba mno nyundo hulipita bila kulihisi, na kwa hilo siku hizi kuna kifaa cha mota kinachosukuma koni ya milimita 5.

Bagira haina theluji, lakini ina miteremko na ina matabaka. Penetromita nyepesi inayotumika kwenye udongo ina nyundo ya kilo 10 inayoanguka sm 50, na koni ya eneo la sm² 10. Fundi huhesabu mapigo kwa kila sm 10. Mapigo 5 maana yake kila pigo limeshusha fimbo sm 2; ukigawa kazi ya nyundo kwa umbali huo, udongo umepinga kwa takriban nyutoni 2,450, sawa na uzito wa kilo 250, kabla ya kutoa nguvu inayopotea kwenye fimbo zenyewe.

Faida kubwa ya kipimo hiki kwetu ni kufichua udongo wa kujazia. Ili kupata uwanja tambarare, tunachimba kilima upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini, kisha nyumba moja inakalia vyote viwili. Nyuma fimbo inakataa mapema. Mbele inashuka kwa pigo moja au mawili kila sm 10, wakati mwingine zaidi ya mita moja, hadi ifike kwenye ardhi ya asili. Ule ufa wa mshazari unaotokea ukutani mvua ikishakolea, ambao fundi huuziba kwa saruji kila mwaka, mara nyingi asili yake ni hapo. Kwa hiyo pima kwenye pembe zote nne. Shimo moja katikati ya kiwanja ni hela ya bure.

Namba hizo nazo zinadanganya. Basalti yetu ikioza huwa mfinyanzi, ila huacha mawe ya mviringo ndani yake. Koni ikigonga jiwe, fundi mwenye haraka huandika "mwamba" na kukunja vifaa. Sogea mita moja, upige tena. Mfinyanzi pia hung'ang'ania fimbo na kuongeza mapigo kadiri unavyoshuka, ndiyo sababu fimbo huzungushwa kila mara. Halafu kuna msimu: mfinyanzi wa Julai ni mgumu, wa Aprili umelowa. Mimi ripoti isiyo na tarehe siisomi.

Kuna pia jambo ambalo nyundo haiwezi kulifikia. Fimbo nyepesi hushuka mita chache tu, ilhali maporomoko makubwa ya Bukavu yanateleza kwa kina kirefu zaidi. Funu, katika komini ya Kadutu, ni mfano: mteremko mzima unasogea polepole, nyumba zikiwa juu yake. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulilinganisha picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege na vipimo vya satelaiti, ukaonyesha kwamba kasi yake imeongezeka kadiri mji ulivyotanda, kwa kuwa makazi hubadilisha njia za maji. Huko msingi mgumu wa nyumba yako unasafiri pamoja na kilima, na mapigo 20 kwa sm 10 hayatakuambia lolote.